Maswali Yenu: Karatasi Iliyopakwa Mimea Inastahimili Hewa ya Mombasa?

Barua za mwezi huu zimekuja nyingi, na karibu zote zinagusa jambo moja. Tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, tarehe 28 Agosti 2017, karatasi imerudi sokoni kwa kishindo. Sasa wachuuzi wa vifungashio wanapita Kongowea, Mwembe Tayari na Mji wa Kale wakinadi karatasi zilizopakwa wanga, nta, mwani, hata maganda ya kamba, na kila mmoja anaapa kuwa yake inadumu.

Inadumu mbele ya nini? Hapo ndipo ninapotaka msomaji aulize. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye maabara ya kiwanda cha katoni huku Changamwe, nikipima karatasi inavyochanika, inavyofyonza na inavyolegea, na nimeona watu wakipoteza mali kwa kuamini ahadi isiyo na maelezo. Kipako kinachozuia mafuta si lazima kizuie maji. Kinachozuia tone la maji si lazima kizuie mvuke. Na hapa kwetu, adui mkubwa wa karatasi ni hewa yenyewe.

Shikamoo Bi. Nauza viazi karai na bhajia karibu na feri ya Likoni. Nimenunua mifuko ya khaki ambayo muuzaji kaniambia imepakwa wanga wa mahindi, haina plastiki hata kidogo. Mafuta kweli hayapiti. Lakini mteja akibeba bhajia za moto, kabla hajafika ng'ambo kitako kimeachia na bhajia ziko chini. Wengine wanarudi kunigombeza. Nimetapeliwa? (Mama Bhajia, Likoni)

Marahaba mwanangu, na pole. Hukutapeliwa, ila uliambiwa nusu ya habari.

Wanga ukipakwa juu ya karatasi na kukauka, huziba vitundu vilivyo kati ya nyuzinyuzi na kufanya utando mgumu usioelewana na mafuta. Zaidi ya hapo, huzigandisha nyuzinyuzi za juu, hivyo karatasi ikiwa kavu huwa na nguvu kuliko ilivyokuwa: ukiivuta au kuisukuma ipasuke, inastahimili zaidi. Sifa aliyokupa muuzaji ni ya kweli. Alichokiacha ni kwamba wanga unapenda maji. Bhajia zikitoka karaini zinatoa mvuke, na ukishakunja mdomo wa mfuko, baada ya muda mfupi hewa ya ndani imejaa unyevu pomoni. Utando unauvuta ule mvuke, unavimba, unalainika, na maji yanaingia kwenye nyuzinyuzi. Karatasi ya kawaida ikilowa chepechepe hubaki na nguvu isiyofika hata sehemu moja ya kumi ya ile iliyokuwa nayo ikiwa kavu, labda iwe imetiwa kiwandani dawa maalumu ya kuistahimilisha.

Hata hivyo, kwa ulivyoeleza, sidhani kuwa karatasi ndiyo iliyokuangusha. Chukua mfuko mmoja ulioachia uutazame kitakoni penye mwanga. Ikiwa karatasi imechanika, utaona ukingo wenye nyuzi zilizochomoza. Ikiwa kitako kimebanduka na pande zote mbili ni nzima, laini, zenye kung'aa kidogo, basi kilichoachia ni gundi. Mifuko mingi ya khaki hufungwa kitako kwa gundi ya wanga, nayo haina wa kuilinda. Mvuke ukitua chini pamoja na uzito wa viazi, gundi inarudi kuwa uji. Naamini ndilo linalokupata.

Bhajia ziache kwenye chujio hadi mvuke mwingi uishe, dakika mbili tatu zatosha. Mdomo wa mfuko usiukunje, mwambie mteja aubebe wazi. Mfuko wenye matundu madogo karibu na mdomo ni bora zaidi. Ukienda kununua tena, muulize muuzaji kama gundi ya kitako inahimili maji. Asipojua, shika kitako cha mfuko mmoja juu ya mvuke wa birika palepale dukani, uhesabu taratibu hadi 60, kisha uuvute.

Kuna jaribio jingine ambalo kila mwenye biashara ya chakula angelifanya kabla ya kununua mzigo. Pasha mafuta ya kupikia yawe vuguvugu, uyakoroge na manjano mpaka yageuke rangi. Kunja kipande cha karatasi, bonyeza mkunjo kwa ukucha, kisha ukikunjue. Dondosha tone moja juu ya mkunjo na jingine pale pasipokunjwa. Subiri kidogo, geuza. Pale pasipokunjwa huenda pakabaki safi kabisa, na kwenye mkunjo ukaona msururu wa vidoa vya njano umejipanga mstari mmoja. Hapo ndipo kipako kilipopasuka. Maabara hufanya jaribio la namna hii kwa tapentaini iliyotiwa rangi nyekundu. Wanga mkavu ni mgumu na hupasuka. Viwanda huongeza gliserini ili ukunjike, lakini gliserini nayo huvuta unyevu, kwa hiyo wanaponya hapa wanaumiza pale. Kipako ni kama paa la makuti: huvuja kwanza mgongoni, hata kama pande zote mbili ni nzima. Mfuko wako una mikunjo kitakoni na ubavuni, na hapo ndipo unapopaswa kuujaribu.

Tafadhali usirudi kwenye gazeti. Wino wake haukutengenezwa uliwe. Wala usiikimbilie kila karatasi inayozuia mafuta hata ikilowa. Kwa miaka mingi karatasi za chakula duniani zilifanywa hivyo kwa kemikali za jamii ya PFAS, ambazo hazivunjiki katika mazingira na baadhi yake hujikusanya mwilini. Denmark ilizipiga marufuku kwenye karatasi za chakula mwaka 2020, na Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza kuwa dawa za aina hiyo za kuzuia mafuta haziuzwi tena huko kwa kazi hiyo. Vipako vya wanga na wenzake vinakuja kujaza nafasi hiyo. Naviunga mkono kwa moyo wote, mwanangu, na ndiyo sababu nataka viuzwe kwa ukweli wake.

Assalaam aleikum Bi. Mimi ni karani kwenye ghala la chai Shimanzi. Tumeletewa sampuli za magunia ya karatasi yenye kipako cha mimea ndani badala ya foili. Karatasi yao ya vipimo ina tarakimu nzuri, na bosi amevutiwa kwa sababu wanunuzi wa Ulaya wanataka vifungashio vinavyoweza kurejelezwa. Mimi naogopa chai ifike imeharibika na lawama ziniangukie. Nimwambie nini? (Karani, Shimanzi)

Waaleikum salaam kaka. Hofu yako ina msingi, na bosi wako naye ana hoja. Nyote mna haki ya kujibiwa kwa tarakimu.

Anza na chai. Ikitoka kwenye kikaushio kiwandani huwa na maji asilimia 3 hivi, na kuanzia hapo haiachi kutafuta unyevu na harufu. Mnada wake umekuwa hapa Mombasa tangu 1969, mji wenye hewa nzito kuliko ile ya Kericho au Murang'a inakochumwa. Foili imeshika kazi hii kwa sababu ikiwa nzima haipitishi mvuke, harufu wala mwanga. Kipako cha mimea kinachopakwa kwa maji hakijaifikia foili nzima. Basi muulize muuzaji kama kipako chake kinatosha kwa safari yenu, na hapo ndipo ile karatasi ya vipimo inapotakiwa kusomwa kwa makini.

Tazama chini ya tarakimu ya mvuke unaopita. Lazima pameandikwa joto na unyevu wa chumba kilichofanyiwa kipimo. Kama ni nyuzi 23 na unyevu wa asilimia 50, hiyo ni hali ya kawaida ya maabara za karatasi, na haifanani na Shimanzi hata siku ya kaskazi kavu. Kuna hali nyingine inayotumika duniani kote, nyuzi 38 na unyevu wa asilimia 90, ambayo wapimaji huiita ya kitropiki. Kwa foili tofauti ni ndogo. Kwa wanga, protini au utando wa mwani, tarakimu inaweza kupanda mara kadhaa, kwa sababu kipako chenyewe kinakunywa maji na kulegea. Mwambie muuzaji: nipe kipimo cha 38 kwa 90, cha karatasi iliyokwisha kukunjwa. Mwenye mali nzuri atakupa. Anayebabaika, muache.

Kisha uliza nguvu ya gunia. Karatasi ni selulosi, na selulosi huvuta maji kutoka hewani bila kuguswa na tone. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 50, karatasi hubeba maji asilimia 7 au 8 ya uzito wake. Ikifika asilimia 90, maji hayo huwa karibu maradufu, na katoni iliyopangwa paletini hubaki na takriban nusu tu ya uwezo wake wa kubeba wenzake juu. Kipako cha ndani kinailinda chai. Upande wa nje wa gunia uko uchi mbele ya hewa ya bandarini. Magunia ya chini ndiyo yanayolipa.

Na kuna jambo ambalo watu wa maghala wanalijua kwa macho ingawa hawaambiwi sababu yake. Katoni iliyokaa kwenye unyevu mwingi usiobadilika huinama polepole. Ile iliyokaa kwenye unyevu unaopanda usiku na kushuka mchana huinama haraka zaidi, hata kama kiwango cha juu ni kilekile. Kila unyevu unapopanda na kushuka, nyuzinyuzi huvimba na kusinyaa zikiwa zimebebeshwa mzigo, na kila mara karatasi inasalimu amri kidogo. Mzigo wenu unashuka kutoka baridi ya milimani, unalala kwenye ghala lenye jasho, unaingia kontena linalochomwa na jua, kisha unavuka bahari kuelekea Karachi au Uingereza. Mwisho wa 2023 meli nyingi ziendazo Ulaya ziliacha Bahari ya Shamu zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, na safari ikarefuka kwa wiki moja na zaidi. Kontena likitoka kwenye joto na kukuta baridi, dari lake hutona maji juu ya magunia. Kipako kizuri hapo husaidia sana, kwa sababu hupunguza kasi ya karatasi kuvuta na kuachia unyevu. Hakikomeshi, lakini kasi ikipungua, karatasi inapumua kidogo kwa siku badala ya kupigwa mawimbi.

Mwambie bosi asiseme ndiyo wala hapana bado. Chukueni magunia machache ya kila aina, myajaze chai ya daraja la chini, muyapime uzito, mengine myaangushe kutoka urefu wa mkono kama wapakizi wanavyofanya kweli. Yapangeni ghalani wakati wa masika, Aprili na Mei, kwa muda ulio sawa na safari yenu ndefu zaidi, kisha muyapime tena. Uzito uliozidi ni maji. Fungueni, onjeni chai. Ikiwa chai ya gunia jipya imebaki ndani ya kiwango ambacho mnunuzi wenu anakikubali, basi mtakuwa na jibu lililotoka Shimanzi, nanyi mtalisimamia mbele ya mtu yeyote. Kwa safari fupi na chai inayouzwa upesi, nina matumaini makubwa. Kwa chai itakayokaa miezi ghalani ng'ambo, ningebaki na foili kwa sasa.

Bi, natengeneza halwa Mji wa Kale. Nataka kuacha vikopo vya plastiki nitumie boksi za karatasi nilizozipaka nta ya nyuki mwenyewe. Nta napata safi kutoka Taita. Nilipojaribu, boksi zilikaa vizuri siku mbili kisha zikashikana na nyingine zikatoa doa. (Fundi wa Halwa)

Nta ni kinyume cha wanga: maji na mvuke inavizuia vyema, lakini inaogopa joto, na mafuta huilainisha polepole. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na hulainika mapema kabla ya hapo. Wewe unamimina halwa ikiwa bado ya moto sana, yenye samli. Nta inayeyuka pale inapokutana na halwa, inazama ndani ya karatasi, na samli inaifuata. Ndilo doa ulilolipata. Zilizoshikana zilipata joto, pengine kwenye gari lililoegeshwa juani.

Acha halwa ipoe kwenye sinia kwanza, ikatwe, ndipo iingie boksini. Ndani weka karatasi nyembamba ya kuokea, ili samli isikutane na nta. Tabaka la nta liwe jembamba. Nene hupasuka kwenye kona na kuonekana weupe. Kama una mtu wa kukuagizia, nta ya kanauba, inayotoka kwenye majani ya mti fulani wa Brazil wa jamii ya mnazi, huyeyuka kati ya nyuzi 82 na 86, na ikichanganywa na ya nyuki huipa ugumu. Peke yake ni ngumu mno, itavunjika ukikunja.

Nta ya Taita kwenye halwa ya Mombasa ni wazo ninalolipenda sana. Usilitupe kwa sababu ya doa.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nyumbani ni Kwale, mama yangu hulima mwani. Nimesoma kuwa mwani na maganda ya kamba yanaweza kupakwa kwenye karatasi. Je, kuna riziki hapo kwa watu wa pwani, au ni ndoto za maabara? (Mtoto wa Kwale)

Marahaba mwanangu. Swali lako limenifurahisha kuliko yote.

Mwani unaolimwa huko kwenu, kama kule Kibuyuni, ni ule wenye karajinani, kitu kinachotumika kufanya vyakula viwe vizito. Karajinani inafanya utando mwembamba, safi, unaozuia mafuta na, ukiwa mkavu, hewa ya oksijeni. Kwa karatasi ya kufungia vitu vikavu vyenye mafuta, njugu au korosho kwa mfano, hilo ni jambo kubwa, kwa sababu oksijeni ndiyo inayofanya mafuta ya korosho yachache. Udhaifu wake umekwisha kuusikia juu huko: maji. Peke yake Mombasa hautaweza. Dawa ni kupaka matabaka mawili, mwani chini na kitu chenye nta juu yake, kila mmoja afanye anachokiweza.

Maganda ya kamba na kaa yana kitini. Ukiyasafisha kwa asidi kuondoa chokaa, ukaondoa protini kwa magadi makali (soda kostiki), kisha ukapika kwa magadi makali zaidi, unapata kitosani. Hii inayeyuka kwenye asidi dhaifu, hata ya siki. Inazishika nyuzinyuzi vizuri kwa sababu chaji zake na za karatasi zinavutana, na huiongezea karatasi nguvu hata ikilowa, jambo ambalo wanga hauwezi. Tena inazuia kuvu wengi. Kwa pwani, ambako kuvu huota kwenye karatasi hewa ikizidi unyevu wa asilimia 70 na kitu, sifa hiyo peke yake ina thamani.

Sasa upande mgumu, na nataka uusikie kabla hujaandika mradi wako. Kupika kitosani kunahitaji magadi mengi na maji mengi, na maji machafu yake hayawezi kumwagwa mikokoni. Maganda lazima yakusanywe mabichi, yasioze, kila siku. Rojo lake ni zito hata likiwa na kitosani kidogo, kwa hiyo ukilipaka lazima ukaushe maji mengi, na kukausha ni kuni au umeme. Kisha wapo watu wanaodhurika na vyakula vya kamba. Karatasi ya chakula iliyopakwa kitosani ichunguzwe na iandikwe wazi. Na mwisho, kama ulitumia siki, uliza asidi iliyobaki ndani ya karatasi inafanya nini baada ya miezi, maana selulosi na asidi hazipatani.

Riziki ipo. Mimi ningeanza na mwani, kwa kuwa tayari unavunwa na kukaushwa, na wanga wa muhogo kutoka shambani kwenu. Chukua karatasi ya khaki, pima inavyofyonza maji kabla na baada. Chombo si cha ghali: unakandamiza pete ya chuma yenye eneo la sentimita 100 za mraba juu ya karatasi, unamimina mililita 100 za maji, unayamwaga kabla dakika haijatimia, unakausha kwa karatasi ya kufyonza na kusukuma gurudumu lenye uzito, kisha unapima karatasi imeongezeka gramu ngapi na kuzidisha mara 100. Khaki nzuri ya mifuko hunywa gramu 25 hadi 35 hivi kwa mita ya mraba. Ukiishusha chini ya 10, njoo unitafute.

Bi, mifuko yetu ya karatasi yenye kipako "asilia" tumeiweka stoo ya Majengo tangu mwaka jana. Mende wameila pembeni na mingine ina madoa ya kijivu. Ile ya zamani ya khaki tupu iliyo karibu haijaguswa. Kwa nini? (Mwenye Duka, Majengo)

Kwa sababu uliwawekea chakula. Wanga na protini ni lishe kwa mende, kwa wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaokimbia ukifungua kitabu cha zamani, na kwa kuvu. Jambo hili ni la kale kuliko sisi. Watengenezaji wa karatasi wa nchi za Kiislamu walipaka wanga wa ngano ili kalamu iteleze na wino usienee. Wataliano wa Fabriano wakatumia gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama. Vyote ni vipako vya asili, na vyote huliwa.

Mwaka 1807 Moritz Illig wa Ujerumani akaeleza njia ya kutia ulimbo wa msonobari pamoja na shabu ndani ya rojo la karatasi. Ulimbo nao unatoka mtini, na ulizuia maji vizuri kwa bei ndogo. Lakini shabu iliacha asidi ndani ya karatasi, na baada ya miongo karatasi zikawa za njano na kuvunjika zikikunjwa. Vitabu vingi vya karne ya 19 vimeharibika kwa sababu hiyo. Kwa hiyo mtu akikuambia kipako chake kimetoka kwenye mti na basi hakina madhara kwa karatasi, mkumbushe shabu: muulize na kile kilichochanganywa nacho.

Mfuko wa duka hauhitaji kuishi karne. Unahitaji kuishi hadi uuzwe. Basi usinunue wa mwaka mzima, nunua wa miezi mitatu. Uinue kutoka sakafuni, uweke mbali na ukuta, mafurushi yabaki kwenye karatasi yake ya nje hadi siku ya kutumiwa. Ule uliotoa madoa ya kijivu una kuvu; usiufutefute na kuutumia kwa chakula.

Tunachapisha nembo za wateja kwenye mifuko na kuifunga wenyewe kwa gundi. Karatasi hii mpya iliyopakwa, wino unatiririka na gundi haishiki. Muuzaji anasema kosa ni letu. (Wachapaji, Buxton)

Kosa si lenu wala si la karatasi. Kipako kilichotengenezwa kikatae maji kitakataa na wino wa maji na gundi ya maji. Mwambieni muuzaji awaletee karatasi iliyopakwa upande mmoja tu, na ukingo wa kuungia, upana wa vidole viwili, uachwe bila kipako. Chapeni upande ulio mtupu. Kama amekwisha kuwauzia robota zima lililopakwa pande zote, tumieni gundi ya moto, ile ya vijiti inayoyeyushwa, kwenye kipande kidogo kwanza. Yenye nta nyingi itaachia hata hiyo. Muisugue kidogo kwa msasa laini pale pa kuungia kabla ya kutia gundi, mkijua kuwa hapo mmeondoa kinga, kwa hiyo mfuko huo uende kwa muuza nguo, usiende kwa muuza samaki.